Mikono Miwili ya Rangi

Kauri ya nne ilikuwa nyeupe.

Nilifuta miwani kwa upindo wa gauni, nikasogeza kioo cha kukuzia, nikatazama tena. Picha ilikuwa ndogo, ya kutosha kiganjani, imepigwa gatini asubuhi ile boti ya doria namba saba ilipoondoka kwa mara ya mwisho. Antena yake ilikuwa waya mmoja mrefu, umevutwa kutoka ncha ya mlingoti hadi nyuma ya boti, na waya huo ulishikiliwa na vipande vinne vya kauri, ile ile ya vikombe vya chai, kila kimoja ukubwa wa yai la bata. Kazi ya kauri ni moja tu: kuuzuia umeme wa antena usitorokee kwenye chuma cha mlingoti. Huja nyeupe na huachwa nyeupe. Mtu yeyote wa redio anajua hivyo.

Katika picha ile, tatu kati ya zile nne zilikuwa za kijivu kizito sawasawa na mlingoti wenyewe.

Mimi si mtu wa kuona mizimu. Nimetengeneza redio miaka thelathini na tano, na kila sauti ya ajabu iliyoletwa dukani kwangu niliikuta na sababu yake: waya umelegea, mende kafia ndani, mwenye redio mwenyewe kaimwagia chai na hataki kusema. Lakini Jumanne ile, saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, mwili wote ulinisisimka. Picha haikuwa ya rangi na sikuhitaji rangi. Ile kijivu nilikulia ndani yake. Ilikuwa kwenye mashati ya baba yangu, kwenye kucha zake, kwenye mpini wa mlango wetu wa mbele. Baba ndiye aliyezipaka.

Nirudi nyuma kidogo, nisije nikakuchanganya.

Miezi minane kabla ya picha ile kufika mikononi mwangu, alikuja dukani kwangu Mhifadhi wa jumba la makumbusho la bandari, binti mwenye haraka zake, wa kupanda ngazi mbili mbili. Seremala alikuwa amemtengenezea mfano wa boti ya doria ya wakati wa vita, wa mbao, urefu wa mita moja na nusu. Kila kitu kilikuwepo, hadi bunduki na kengele. Kilichobaki ni antena, na hapakuwa na mtu aliyekumbuka ilifungwa vipi.

"Mama Fundi," alisema, "sitaki waya wa kubandika tu ilimradi. Nataka kama ilivyokuwa."

"Ni boti gani?"

"Namba saba."

Niliweka bisibisi mezani. "Kaka yangu alikuwa fundi redio wa namba saba."

Akakaa kitako, maana yeye pia aliujua ukuta wa majina. Upo pale lango la bandari, wa mawe meusi, umechongwa majina ya mabaharia wote waliokufa vitani. Namba saba ilizama na watu wake wote kumi na tisa. Ukutani wapo kumi na wanane.

Tume ya uchunguzi ilisema hivi: boti ilishambuliwa alasiri, na boti nyingine mbili zilikuwa karibu, zingeweza kufika. Hazikuitwa. Shahidi mmoja wa gatini alieleza kwamba dakika za mwisho kabla ya kuondoka, fundi redio alikuwa akining'inia mlingotini badala ya kukaa kwenye mtambo wake akiujaribu. Tume ikaandika neno moja, uzembe. Mama yangu alitembea na neno hilo kila alikokwenda. Alikufa akiwa bado anawaeleza watu ambao hata hawakumuuliza.

Kaka tulimwita Kigogota. Vidole vyake havikutulia. Aligonga meza, aligonga sahani, aligonga ukuta uliotenganisha chumba chake na changu. Kila asubuhi alinigongea mara tatu, maana yake nimeamka, na wewe je? Nami niligonga tatu. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilijiona mtu mkubwa kwa sababu ya zile gonga tatu.

Na Baba? Baba alikuwa mpaka rangi wa bandari, Mzee Brashi, hadi leo wapo wanaomwita hivyo. Baada ya msiba alitafuta redio ya masafa mafupi, akaniambia nimtegee pale pale namba saba ilipokuwa ikisemea. Kila siku saa kumi jioni, saa ambayo boti ilitakiwa kuripoti, aliiwasha kwa robo saa. Hapakuwa na kitu pale, mvumo mtupu kama wa mafuta kikaangoni. Majirani wa upande wa pili wa ukuta walimtania: "Mzee, leo unakaanga nini?" Alicheka nao. Kisha akapunguza sauti, na tangu siku hiyo aliisikiliza akiwa ameegemeza sikio kwenye kitambaa cha spika kama mtu anayeibia. Aliumwa, alizika mke, alihama chumba, lakini saa kumi hakuikosa. Miaka arobaini na minane. Nami niliyemtegea redio ile nilikuwa nikitafuta visingizio nisiwe nyumbani saa kumi.

Mhifadhi alinitazama pale dukani, akasema pole pole, "Tukileta ushahidi, kamati ya ukuta inaweza kulichonga jina."

Nilimpelekea Baba habari hizo jioni hiyo. Alikuwa na miaka tisini na moja. Alinyoosha mgongo kwenye kiti kana kwamba ameambiwa gari limefika nje. "Nataka kulisoma mwenyewe," alisema. "Kwa macho haya, kabla hayajazima. Fanya hima."

Basi kazi nikaivalia njuga. Nilifunga duka nusu siku kila siku, nikajifungia kwenye ghala la makaratasi la bandari, vumbi mpaka kwenye meno. Mwezi wa tatu nikakipata kitabu cha kumbukumbu cha kituo cha redio cha nchi kavu. Mwandiko ulikuwa safi wa mtu asiye na wasiwasi. Saa kumi na dakika sita: mkwaruzo hafifu, hausomeki. Saa kumi na dakika tisa: mkwaruzo hafifu, hausomeki. Saa kumi na dakika kumi na nne: mkwaruzo. Baada ya hapo, hakuna.

Nililia pale pale juu ya kitabu cha serikali. Alikuwa anaita! Dakika nane nzima ndugu yangu alikaa kwenye mtambo wake maji yakipanda, akiita, na wao wakaandika mkwaruzo.

Mhifadhi naye machozi yalimlenga, lakini kichwa chake kilikuwa mahali pake. "Mama Fundi, kamati itauliza maswali mawili. Mtambo ulikuwa mzima, ulikaguliwa wiki ile ile. Kwa nini ufike mkwaruzo tu? Na kule mlingotini alifuata nini?"

Mtambo mzima na sauti haifiki, kosa liko kwenye antena. Ndiyo maana nikaanza kutafuta picha, na ndiyo maana Jumanne ile nilikuwa nimeinama juu ya kauri nne.

Unadhani nilikumbuka kwa kujitahidi? Wapi. Ilinijia yenyewe, nzima nzima, na harufu yake ya tapentaini.

Ilikuwa wiki ambayo mkubwa fulani alitarajiwa kuja kukagua bandari. Wapaka rangi waliamriwa kupaka kila kitu kisichokimbia. Baba alirudi nyumbani amechoka na amefurahi, akaketi kula na sisi. Kaka alikuwa na ruhusa ya kulala nyumbani, kesho yake anaondoka.

"Boti yako nimeipaka mimi mwenyewe," Baba alimwambia. "Sikumwachia mtu. Nimeitia dawa yangu, unga mweusi wa kulainishia mashine, ule ulio ndani ya penseli. Unaua mng'ao wote. Jua lipige lisipige, adui haoni kitu. Halafu nikaona vile vikauri vyenu kule juu. Vyeupe pee, kama meno! Nikasema, hapa mwanangu ataonekana toka upeo wa macho."

Kaka aliacha kutafuna. "Na vyenyewe umevipaka, Baba?"

"Mikono miwili, tabaka juu ya tabaka," Baba alisema, akaonyesha vidole viwili.

Nilikuwa nimeketi karibu na Kaka. Vidole vyake, vilivyokuwa vikigonga ukingo wa meza, vilisimama. Kisha akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, la kweli kabisa, hilo ndilo linaloniumiza hadi leo.

"Asante, Baba," alisema. "Hapo sionekani tena."

Asubuhi hakunigongea ukuta. Alikuwa ameshatoka, mapema kuliko kawaida. Na Mama akawa anageuza jikoni juu chini akitafuta kisu chake kidogo cha mpini wa mti. Nilichapwa kwa ajili ya kisu kile. Nilikula kiapo sikukigusa, hakuna aliyeniamini, na kisu hakikuonekana tena nyumbani kwetu.

Sasa nilijua kilikokwenda. Ukiitazama vizuri ile picha, pembeni ya mlingoti, kuna mguu wa mtu anayeshuka. Kaka alipanda na kisu cha Mama kukwangua rangi ya Baba. Boti iliondoka saa mbili kabla ya wakati uliopangwa, hilo nalo limeandikwa, na yeye akawa amemaliza kauri moja. Angemwambia nahodha, zingeletwa kauri mpya na Baba angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Akaamua kuifanya kimya kimya. Alidhani ana muda.

Fundi hasemi kitu kabla hajakipima. Nilimwomba Baba anipe mchanganyiko wa rangi yake, nikamdanganya kwamba ni kwa ajili ya mfano wa boti. Looo, jinsi alivyofurahi! Hakutaka kunitajia tu, aliichanganya mwenyewe barazani, kopo katikati ya magoti, akionja unene wake kwa kijiti. "Unga usiuonee huruma," alinifundisha. "Kaka yako nilimtilia mara mbili."

Niliipaka kauri moja, nyingine nikaiacha. Nikazinyunyizia maji ya chumvi, nikaziwekea kipimo. Kwenye ile nyeupe mshale ulitingishika kidogo, basi. Kwenye ile ya kijivu ulikimbia hadi mwisho, kama vile nimeunganisha waya mtupu. Unga wa penseli unapitisha umeme. Hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza analijua hilo. Mpaka rangi atalijulia wapi? Nani alimwambia? Waliambiwa wapake kila kitu, wakapaka.

Kwa hiyo nilikuwa na majibu yote mawili ya kamati, na sikuwa na mdomo wa kuyasema. Nikiyaandika, jina la Kaka linapanda ukutani, na Baba anajua kwamba mkono wake ndio uliomziba mwanawe mdomo. Nikinyamaza, Baba anakufa akiamini mwanawe alizembea, au akijilazimisha kutoamini, jambo ambalo nimeliona likimla miaka yote. Nilipoteza usingizi. Nilikonda. Nikawa nakaa dukani nikisikia mkwaruzo kwenye kila redio inayoletwa, hata zile zilizokuwa nzima.

Nikafanya jambo la woga. Nilifunga antena ya mfano kwa kauri nne ndogo, zote nyeupe, nikamwambia Mhifadhi anipe muda kwa habari ya ripoti ya kamati. Baba kila siku: "Vipi, umefikia wapi?" Nami kila siku: "Bado kidogo, Baba." Juma la pili akachoka nami. "Nipeleke niione hiyo boti," alisema. "Unanizungusha kama mtoto."

Nilimpeleka Alhamisi, saa nane mchana. Jumba la makumbusho lilikuwa tupu. Mhifadhi alimletea kiti na kumpa mkono kwa heshima, kisha akatuacha. Mfano ulikuwa mezani, haujafunikwa kioo bado. Baba aliinama, pua karibu iguse mbao, akaanza kuipitia boti kuanzia mbele, pole pole, kama alivyokuwa akikagua kazi ya wenzake. Alimsifu seremala. Akailaumu rangi ya ubavuni, akasema aliyepaka hakupiga msasa. Kisha akafika juu.

"Hizi mmezisahau," alisema.

"Zipi?"

"Vikauri. Mimi sikuviacha vyeupe."

"Huwa zinaachwa hivyo, Baba."

"Nani kasema?"

"Watu wa redio."

Aligeuka akanitazama. Macho yake yana ukungu, lakini baba ni baba. Niliposema uongo utotoni alijua kabla sijafunga mdomo. "Umepata picha," alisema. "Ungekuwa hujapata, usingefunga antena. Wewe hufanyi kazi ya kukisia. Nipe."

Nilikuwa nayo mkobani. Ningeweza kusema nimeiacha nyumbani. Nilimpa, na kioo cha kukuzia nikampa. Alichukua muda mrefu. Nilisikia pumzi yake.

"Moja niliikosa," alisema. "Hii moja nyeupe. Nitakosaje moja?"

"Hukukosa, Baba. Ilikwanguliwa."

"Na nani?"

Alirudisha kioo kwenye picha, akashuka nacho kwenye mlingoti, akafika kwenye ule mguu. Mkono wake ulianza kutetemeka, akaushika kwa mkono wa pili.

"Kisu cha mama yako," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Rangi inazuia sauti?"

Miaka thelathini na tano nimewajibu watu maswali ya namna hiyo bila kufikiri. Nilitaka kusema haizuii. Nilifungua kinywa kabisa niseme haizuii. "Ile ya kawaida si sana," nilisema. "Ni ule unga."

Aliweka picha mezani. Alilia kama wanavyolia wazee, bila sauti, machozi yakifuata mikunjo. Nilipiga magoti nikamshika. Nilimwambia hakujua, hakuna aliyemwambia, alimpenda mwanawe. Nilimwambia kuhusu mkwaruzo: dakika ya sita, ya tisa, ya kumi na nne. Hapo akanizuia.

"Alikuwa anaita?"

"Dakika nane, Baba. Hakuondoka kwenye mtambo."

Alirudia neno hilo midomoni, dakika nane, dakika nane. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akasema, "Andika."

"Baba, nikiandika, jina lako..."

"Nimekwambia andika. Kwenye ukuta ule mimi sitafuti jina langu." Akanyoosha mkono. "Lile kopo ulilokuja nalo siku ile barazani, bado lipo?"

Lilikuwepo, kwenye sanduku langu la vifaa pale pale. Nilimfungulia, nikampa brashi ndogo kuliko zote. Nilidhani mkono utamkataa. Lakini brashi ilipogusa kauri ya kwanza, mtetemo ulikoma, sijui ulikwenda wapi. Alizipaka tatu, mkono wa kwanza. Akasubiri zikauke, amekaa wima. Akazipaka mkono wa pili. Ya nne hakuigusa. Alipomaliza alifuta brashi kwenye upindo wa shati lake, kama zamani; Mama angekuwepo angemgombeza.

Niliinua mkono ninyooshe waya.

"Usiguse," alisema. "Bado mbichi."

Tulifika nyumbani saa kumi kasoro dakika chache. Nilitaka kutafuta kisingizio changu cha kawaida nikakikosa, nikaketi. Baba alivuta kiti chake karibu na redio, akawasha. Ule mvumo ukaja, mdogo, wa kuibia, yeye akiwa ameinamisha sikio kwenye kitambaa. Upande wa pili wa ukuta majirani walikuwa wakicheka na mambo yao.

Baadaye akainua kichwa, akaegemea nyuma ya kiti.

"Ongeza sauti," aliniambia.